Mwezi Ulipokanyagwa Yasini Akazaliwa

BRYSON: Haloo, uko hewani, hii ni Siku Kama ya Leo, na mimi ni Bryson. Nani mwenzangu?

BI SAMIHA: Haloo! Haloo! We ndiye unayesoma yaliyotokea leo?

BRYSON: Ndiye mimi, bibi. Shikamoo.

BI SAMIHA: Marahaba. Mie Bi Samiha wa Pangani— nani huyo ananifuatisha maneno?

BRYSON: Ni wewe mwenyewe, bibi. Punguza redio yako.

BI SAMIHA: Ana sauti mbaya huyo! Chiku, hebu izime. (Mwangwi unakatika.) Haya. Nina malalamiko.

BRYSON: Kwa kifupi basi, bibi, maana kuna wengine wana—

BI SAMIHA: Watangoja. Umesema siku kama ya leo watu walitua mwezini. Rudia.

BRYSON: Tarehe ishirini Julai, mwaka sitini na tisa, binadamu alitua mwezini.

BI SAMIHA: Umesikia, Yasini?

BRYSON: Yasini ndiye nani?

BI SAMIHA: Mwanangu. Yuko Mwera, ng'ambo ya mto, saa hizi anafua nazi na redio yako iko pembeni. Siku hiyohiyo nilimzaa, juu ya pantoni, tumekwama kwenye mchanga katikati ya mto. Mkunga kashika taa, nahodha kafumba macho, abiria mmoja kakumbatia redio anapiga kelele, "Nyamaza mama, wanatua!" Nikamwambia, na huyu je?

BRYSON: (Anacheka.) Yesu wangu!

BI SAMIHA: Sasa juzijuzi kaenda kuchukua kitambulisho. Kaulizwa, umezaliwa lini? Kasema sijui, andikeni mosi Januari.

BRYSON: Bibi, mbona wazee wengi wameandikwa mosi Jan—

BI SAMIHA: Hao hawana wa kumuuliza! Yeye mama yake nipo, meno yote ninayo isipokuwa yaliyotoka. Nikamwambia, umezaliwa siku ya mwezi. Akanijibu, mama, mwezini hakwenda mtu, ule uongo wa Wazungu. Na kama hawakwenda, basi na mie siku hiyo sikuzaliwa.

BRYSON: Lo! Ukamjibu nini?

BI SAMIHA: Nikasema, kama hukuzaliwa, nyumbani kwangu unakula chakula cha nani? Akanawa mikono, akaondoka. Wali nusu sahani.

BRYSON: Lini hiyo?

BI SAMIHA: Idi.

(Mkwaruzo.)

BRYSON: Bibi? Upo?

BI SAMIHA: Nipo. Mtandao huu.

BRYSON: Na simu?

BI SAMIHA: Hapokei. Ndio nikasema, redio hawezi kuikatia. Haya, msome.

BRYSON: Nimsome wapi?

BI SAMIHA: Hapo kwenye waliozaliwa leo. Umemsoma yule mfalme, Iskandari. Umemsoma na yule aliyepanda mlima.

BRYSON: Ule ni mlima mrefu kuliko yote duniani, bibi!

BI SAMIHA: Wasambaa wanapanda wa kwao kila siku na viazi kichwani, nani kawatangaza? Msome Yasini.

BRYSON: Kipindi hiki ni cha matukio makubwa—

BI SAMIHA: Alikuwa na kichwa kikubwa hivyo, wewe unaniambia matukio makubwa? Sikati simu.

BRYSON: Bosi ananitolea macho kwenye kioo...

BI SAMIHA: Mpe salamu.

BRYSON: (Anashusha pumzi.) Siku kama ya leo, binadamu alitua mwezini, na Yasini wa Bi Samiha akazaliwa kwenye pantoni, Pangani. Heri ya kuzaliwa, Yasini.

BI SAMIHA: Ongeza, wali wake upo.

BRYSON: Wa tangu Idi?

BI SAMIHA: Nitapika mwingine, mjinga we! Sema upo.

BRYSON: Yasini, wali wako upo.

BI SAMIHA: Simu hii inanipigia pii pii sikioni. Mmenifanya nini?

BRYSON: Kuna mwingine anakupigia. Tazama jina.

BI SAMIHA: Chiku, njoo unisomee... (Sauti ya Chiku kwa mbali.) Ehee.

BRYSON: Nani? Bibi, ni nani?

BI SAMIHA: Mwache aite kidogo.

BRYSON: Ni yeye? Pokea! Atakata!

BI SAMIHA: Hakati. Nami nilimsubiri. Haya, ahsante mwanangu, kazi njema, tutaongea kesho.

BRYSON: Kesho? Kesho si ni tarehe nyingine, bibi!

BI SAMIHA: Kesho ni ya Chiku, pacha wake. Umsome mapema. Wale wako walikuwa wameshatua, saa sita ya usiku imepita, sie bado tumekwama mch—

(Simu inakatika.)

BRYSON: Haloo? Bibi? Salio limekwisha. Yasini, kama unatusikia, piga tena. Laini ya mama sasa iko wazi.