Ukuta wa Nyuma, Lipangalala

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Paroko, Ndugu Fridolin, mwenye nyumba hizi tunazozifungua leo, ndugu wageni waalikwa, wazee wangu, shikamooni, nanyi majirani mliosimama juani kwa sababu turubai limewatosha wageni peke yao: Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum.

Mimi ni Digna, mwenyekiti wa mtaa huu. Ratiba inasema nitoe neno la shukrani kwa niaba ya majirani. Nitashukuru. Mama yangu alinilea vizuri, sijui kula cha mtu nikanyamaza, na harufu ya pilau naisikia tangu nilipoingia getini.

Tunashukuru, Ndugu Fridolin, kwa nyumba nzuri. Wauguzi na walimu wanaohamishiwa Ifakara walikuwa wakipanga vyumba vyenye nyufa na kugombea choo na ukoo mzima wa mwenye nyumba. Leo wana vigae, wana maji ndani, wana geti na mlinzi. Nani atasema mji haukui? Hapa yalipoegeshwa magari ya wageni palikuwa majaruba, na wengi wetu tumevuna mpunga hapa hapa. Ukajaza kifusi, lori baada ya lori, hadi sakafu zako zikawa usawa wa madirisha yetu. Kisha ukajenga ukuta. Ukuta ule wa nyuma, ndugu wageni, ni imara kweli. Masika yaliyopita uliegemewa na maji ya mtaa mzima, na haikubanduka hata plasta.

Wageni wa mbali huenda hamjui tunavyoishi na maji. Nyumba zetu za zamani zina milango miwili inayotazamana. Mto Lumemo ukifurika, tunapandisha kitanda juu ya matofali, tunaning'iniza magunia ya mpunga, tunafungua milango yote miwili. Maji yanaingia kwa nyuma, yanatoka kwa mbele, yanashuka majarubani. Yakiisha tunazoa tope, tunalalamika, tunapika. Tulikosa raha miaka yote hiyo, lakini hatukukosa mtu.

Mzee Teofili ndiye aliyepakana na ukuta huu. Wengi mnamkumbuka, fundi wa kuezeka, mtani wa kila mtu. Mvua ilipozidi, mkewe, Mama Natalia, alimwambia waende shuleni, kule palipoinuka, wenzao wameshaondoka. Akamjibu, "Tangulieni nyie waoga. Mimi nayasindikiza haya yapite, nafunga mlango, nakuja." Akafungua milango yote miwili kama alivyofanya tangu ujana wake, akapanda kitandani na redio yake.

Maji yaliingia. Hayakutoka. Yangetoka yaende wapi? Yaligonga ukuta, yakarudi, yakakaa ndani ya nyumba ya tofali mbichi mpaka kuta zikalainika. Tulimtoa chini ya paa aliloliezeka mwenyewe. Naumia kulisema hili mbele ya maua haya, lakini nimechoka kulisema maofisini, ambako najibiwa kwamba ilikuwa mipango ya Mungu. Baba Paroko, unisamehe: Mungu hakuchora ramani ile.

Na tuliomba. Ukuta ulipokuwa bado usawa wa magoti tuliomba yaachwe matundu chini, maji yapite. Tukaambiwa matundu yataingiza nyoka na kuharibu mandhari. Sasa mandhari ni mazuri, mnayaona.

Tunashukuru pia kwa msiba. Ndugu Fridolin, ulileta jeneza zuri, ukaleta na mchele. Mchele, ndugu wageni, kuwaletea watu wa Kilombero. Tukaupika, tukala.

Leo, kwa mujibu wa ratiba, Mama Natalia anakabidhiwa ufunguo wa nyumba mojawapo humu ndani, akae bure maisha yake yote. Ni zawadi kubwa, siidharau. Wapiga picha wako tayari. Ila kiti chake, kile chenye utepe, mnaona kiko wazi. Alikuja kwangu jana. Akaniambia, "Mwanangu, nikilala mle ndani, masika yakija nitawasikia wenzangu wakiita upande wa pili. Nitapataje usingizi? Wampe mwalimu nyumba hiyo. Mimi wanitobolee ukuta."

Nilimwahidi nitakuomba tena, Ndugu Fridolin, mbele ya Mheshimiwa, kwa adabu. Na sasa nimekuomba. Akacheka, mama wa watu. Akasema, "Omba tu. Watakapokujibu, sisi tutakuwa tumeshaanza."

Kwa hiyo, ndugu wageni, mtakaposikia vishindo huko nyuma, msishtuke wala msikimbie. Ni Mama Natalia na wanawake wa mtaa, na sururu alizoziacha marehemu. Wamekubali kusubiri mpaka mmalize kula, maana hawapendi kumwagia mgeni vumbi kwenye sahani. Mheshimiwa, kama kuna askari wa kuitwa, aitwe akijua kwamba mwenyekiti wa mtaa naye yuko huko, maana nikishuka hapa jukwaani ndiko niendako.

Karibuni chakula. Nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza.