Kiti cha Kijani cha MmaTebatso

Marehemu Mosetsanagape Ramotlhwa, ambaye mji mzima wa Kanye ulimwita MmaTebatso, yaani Mama Tebatso, kwa jina la mwanawe wa kwanza, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952 kwenye mashamba ya ukoo wake, mtama ukivunwa. Alikuwa binti wa nne mfululizo. Baba yake, mzee Tladinyane, aliyekuwa akiomba mvulana wa kuchunga ng'ombe, alimtazama akasema, “Haya, msichana tena,” na maneno hayo, kwa lugha yetu, ndiyo yakawa jina lake, Mosetsanagape. Huyo msichana tena ndiye aliyekuja kumuuguza mzee mpaka siku yake ya mwisho.

Alimaliza darasa la saba hapa Kanye mwaka 1967. Alifaulu, lakini mama yake alikuwa amejifungua mapacha, na nyumbani mikono haikutosha. “Sekondari yangu niliisoma na mtoto mgongoni,” alikuwa akisema, kisha anacheka mwenyewe kabla ya mtu mwingine.

Tarehe 12 Aprili 1975 alifunga ndoa na marehemu Keoagile Ramotlhwa, aliyefanya kazi kwenye migodi ya Johannesburg. Mungu aliwajalia watoto watatu. Krismasi moja mumewe, Rra Ramotlhwa, alishuka kwenye basi akiwa amebeba kiti cha chuma cha rangi ya kijani. Majirani walimcheka: wenzake walileta mablanketi! Akamwambia mkewe, “Nimekuletea pa kukaa, Mma, maana wewe hukai.” Na kweli hakukikalia. Kilikaa ukutani miaka, kuku wakikirukia.

Mwaka 1983 alianza kulea uani kwake watoto wa walimu, wauguzi na wauza duka, wengine wakiwa bado hawajaota meno. Waliofika miaka minne aliwapeleka mwenyewe shule ya awali, ile iliyo nyuma ya kgotla, uwanja wa baraza la chifu. Januari 1987 ilikuwa zamu ya kitindamimba wake, Sethunya. Siku zile ushauri wa walimu ulikuwa mmoja: mtoto akishaanza kucheza, mama toroka, atazoea. MmaTebatso akatoroka.

Sethunya alipoinua kichwa hakumwona mama. Hakulia. Alipita chini ya uzio akashika njia ya mashambani, kwa kuwa ilikuwa majira ya palizi na kwa akili yake mama angekuwa huko. Mzee mmoja mwenye mkokoteni wa punda alimkuta jua likizama, miguu imejaa miiba. Tunamshukuru Mungu kwa mzee yule hadi leo.

Lakini mtoto alikuwa amevunjika moyo. Siku nne hakukubali kuogeshwa na mama yake wala kula mkononi mwake. Siku ya tano MmaTebatso alipiga magoti kwenye vumbi mbele yake. Shangazi mtu akamaka, “We! Tangu lini mzazi akamwomba mtoto msamaha?”

“Tangu leo,” akajibu. “Mwanangu, nilikutoroka. Sitakutoroka tena. Nikiondoka nitakuaga, utaniona nikienda.”

Sethunya akanyoosha mguu, akasema, “Nitoe mwiba huu.” Mmoja ulikuwa umebaki.

Jumatatu iliyofuata MmaTebatso alikibeba kile kiti cha kijani kichwani hadi shuleni. Mwalimu Mma Kgosiemang akamsimamisha mlangoni. “Kiti cha nini, Mma? Umeajiriwa huku?”

“Nimeajiriwa na watoto.”

Wiki ya kwanza alikaa ndani ya darasa. Ya pili akahamia mlangoni, ya tatu barazani, ya nne langoni, ambapo mtoto akinyoosha shingo angemwona. Kisha kiti kilibaki langoni bila mtu, na yeye aliaga kwa maneno yaleyale: “Naondoka. Nitarudi mkishakunywa uji.” Na alirudi. Siku moja ya mvua ya mawe alirudi na beseni kichwani! Kila Januari alianza upya na watoto wapya. Januari moja mtoto mmoja, ambaye leo ni fundi bomba na ndiye aliyetengeneza mabomba ya uani hapa, alipiga kelele kutoka dirishani, “Bibi, rudisha kiti! Mimi bado!” Akakirudisha hatua tatu, bila kugomba. Aliendelea hivyo hadi mwaka 2016, na Mma Kgosiemang mwenyewe alikuja kuwaambia walimu wapya, “Kabla hujafunga mlango, uliza kiti kiko wapi.” Wengi mlioketi hapa asubuhi hii mlivuka lango lile mkikiangalia kiti hicho. Asanteni kwa kuja.

Rra Ramotlhwa alimtangulia mwaka 2003. Mwaka 2021 moyo wa MmaTebatso ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, na tarehe 2 Agosti 2023 alilazwa. Sethunya aliomba ruhusa kazini kwake posta, akawa anakaa naye kila siku. Marehemu alikuwa na sharti moja: “Kiti chako kiweke pale nikione.”

Jioni ya tarehe 16 muda wa kuona wagonjwa uliisha akiwa amesinzia. Muuguzi akanong'ona, “Dada, toka polepole. Ukimwamsha atahangaika.”

“Samahani, dada. Huyu simtoroki.” Akamshika mkono. “Mama, naondoka. Nitarudi na uji.”

MmaTebatso alifumbua macho. Alimtazama binti yake, akatazama kiti. “Umeniaga vizuri,” akasema. “Nenda, mwanangu. Mimi sasa nimezoea.”

Alifariki saa kumi na moja alfajiri, Alhamisi tarehe 17 Agosti 2023. Sethunya alifika na uji saa kumi na mbili na nusu, kama alivyoahidi.

Ameacha watoto watatu, Tebatso, Moagi na Sethunya, wajukuu saba, kitukuu mmoja, wadogo zake mapacha, na watoto aliowavusha lango, ambao hatukuweza kuwahesabu.

MmaTebatso, muda si mrefu tutanawa mikono baada ya mazishi na kurudi majumbani. Hatukutoroki. Tunakuaga jua likiwa limechomoza, wote tukionekana. Tunaondoka, Mma. Pumzika kwa amani.