Kitambaa cha Njano cha Mama Sisikii

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha sanaa za maonyesho kidato cha tano na cha sita, mwenzetu anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Jina lake kamili wanalo ofisini. Sisi na wanafunzi tunamwita Mama Sisikii, naye huitika bila kinyongo.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Wakati wa mazoezi hukaa benchi la mwisho kabisa la ukumbi, na sauti isipomfikia huinua kitambaa cha njano. Kikiwa juu, mwanafunzi anarudia, kikishuka, anaendelea. Mimi nafundisha kemia, ukuta kwa ukuta na ukumbi wake, kwa hiyo vifo vya wafalme wote wa michezo yao nimevikariri, na wanafunzi wangu wamepima asidi huku wakisikiliza misiba isiyowahusu.

Siku moja mazoea yalimponyoka kwenye kikao cha walimu. Mkuu wa shule akiwa katikati ya maelezo, mkono wa Mama Sisikii ukapanda na kitambaa. Tuliinamisha vichwa tusionekane tunacheka. Mkuu akakohoa, akarudia sentensi kwa sauti, na tangu hapo vikao vyetu vinasikika vizuri.

Kuna mwaka tulikaribia kumpoteza. Wanafunzi wa somo lake walibaki saba, na mhasibu akapendekeza somo lifutwe, ukumbi uwe stoo ya madawati. Mama Sisikii hakugombana na mtu. Aliomba tu kwamba kabla ya uamuzi, sote tuje kutazama mchezo wao wa mwisho.

Jioni hiyo mvua ilipiga bati vibaya sana. Tuliona midomo ikicheza jukwaani, hatukusikia kitu. Nyuma yetu kitambaa kilipanda na hakikushuka. Nilijua somo limekwisha, na roho iliniuma kuliko nilivyotarajia. Ndipo msichana aliyeigiza mama wa mfungwa akashuka jukwaani, wenzake wakamfuata, wakaigiza katikati ya mabenchi, karibu kutukanyaga miguu. Akaketi kando ya mhasibu, akamtazama usoni.

"Baba, mwanangu atarudi?"

Mhasibu wetu, mtu asiyetabasamu hata siku ya mshahara, alimjibu kwamba atarudi tu, huku akifuta macho. Nilipogeuka, kitambaa kilikuwa kimeshuka. Madawati yalitafutiwa pengine, na mhasibu hajakosa mchezo hata mmoja tangu siku hiyo.

Wahitimu wake leo ni watangazaji, wanasheria, wauguzi, na waigizaji kadhaa ambao mama zao wameacha kuwasikitikia. Yule mama wa mfungwa amerudi kwetu kama mwalimu, na ndiye anayepokea darasa. Jana alikabidhiwa kitambaa, akaenda kukaa benchi la mwisho. Mama Sisikii akapanda jukwaani kuwaaga wanafunzi, lakini machozi yalimzidi, sauti ikamwishia kooni. Kule nyuma kitambaa kikapanda.

Akacheka, akajifuta uso, akarudia kwa sauti iliyofika hadi maabara yangu: "Nimewapenda sana."

Asante kwa yote, Mama Sisikii. Pumzika kwa raha na afya tele, wajukuu wakuchoshe kidogo tu. Maisha yako ya mbele yawe mema. Kitambaa kimeshuka, tumekusikia.