Dama Mung'aro, Aliyetufundisha Kuingia Msibani

Ndugu na jamaa, majirani wa Rabai, na ninyi mliopanda asubuhi kutoka Makupa, Kuze na ng'ambo ya Feri, familia imekubaliana kwamba maneno haya yasiwe ya kumpamba marehemu. Hakupenda kupambwa. Alikuwa na moyo mwepesi na ulimi mkali, na vyote viwili alivitumia bila kuomba ruhusa. Tutamsema kama alivyokuwa, na mahali sauti itakapokatika mtuvumilie.

Dama alizaliwa hapa Rabai tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa nne wa Mzee Mung'aro na Mama Mejumaa, ambao wote wametangulia. Mama Mejumaa alikuwa mtu wa kuitwa kila palipotokea msiba, kwa kuwa alijua kupikia watu wengi na alijua kunyamaza. Alikokwenda alimbeba Dama mgongoni, na baadaye alimshika mkono. Ndugu zake walimtania mpaka ukubwani kwamba aliwahi kulia hadi akapaliwa katika matanga ya mzee asiyemjua kabisa, akapewa paja la kuku ili atulie, na tangu hapo hakukosa msiba. Mwenyewe alikubali habari ya kilio, ya kuku akaikana.

Alianza shule ya msingi papa hapa mwaka 1956, akaendelea na sekondari ya wasichana kisiwani Mombasa hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1967. Miaka hiyo alikaa kwa shangazi yake Majengo, na Kiswahili cha mjini kikamkaa hasa. Baba yake alipokwenda kumtazama alirudi akilalamika kwamba bintiye anamwamkia kama mke wa kadhi. Baadaye alikwenda Nairobi kusomea usimamizi wa ofisi, akapata stashahada mwaka 1971. Alisema kule alijifunza mambo mawili ya maana, kupiga taipu bila kutazama na kuvaa sweta.

Tarehe 8 Desemba 1973 alifunga ndoa na Bwana Gunga, fundi wa karakana ya reli. Gunga, kama mnavyomwona hapo alipokaa, si msemaji. Siku ya posa wazee walimwuliza maswali marefu, naye akayajibu kwa neno mojamoja mpaka wakaanza kutazamana. Dama akasema anamtaka huyohuyo, kwa sababu nyumba ikiwa na wasemaji wawili hapatalalika. Mungu akawajalia Mercy na Elvis. Waliishi Makupa, karibu na barabara ya malori, na ndiyo maana Dama alizoea kusema kwa sauti ya juu hata mahali pasipo na lori hata moja.

Kazi aliianzia ukarani bandarini. Mwaka 1984 alijiunga na Chuo Kikuu cha Kilindini, tawi la kisiwani, katika ofisi inayoshughulikia wafanyakazi, na mwaka 1991 akafanywa mkuu wa ofisi hiyo. Jambo ambalo wengi wenu mnamjulia lilianza mwaka 1994, makao makuu yalipoagiza kila tawi liwape wafanyakazi mafunzo ya kuheshimiana katika tofauti zao, za dini, za kabila, za wanawake na wanaume, na za walemavu. Akaletwa mtaalamu na kadi za rangi. Watu walishikana mikono ukumbini wakatamka kwa pamoja kwamba wao ni kitu kimoja. Kisha wakatoka kunywa chai, na watu wa Mji wa Kale wakakaa meza yao, watu wa bara meza yao, madereva na wafagizi wakasimama nje na vikombe kama siku zote. Faraj, mpokea simu asiyeona, aliletewa chai yake palepale kwenye swichibodi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba naye angependa kukaa na wenzake. Jioni Dama alimwambia mumewe kwamba alicheka mpaka akaona haya.

Mwezi uliofuata, Dama akiwa likizoni Rabai, mkutubi wa chuo, Kamaludin wa Kuze, kule Mji wa Kale, alifiwa na mama yake. Mama yule alifariki asubuhi na akazikwa siku hiyohiyo baada ya Alasiri, kama ilivyo kwa Waislamu. Wafanyakazi wa kutoka bara hawakulijua hilo. Nasipwondi wa ofisi ya mitihani, mwanamke wa upande wa Bungoma, akawaongoza wakafanya kama wafanyavyo kwao. Waliunda kamati, wakafanya mazoezi ya nyimbo, na Jumamosi wakaingia vichochoro vya Kuze na kwaya, suti nyeusi na shada kubwa la maua, tayari kuusindikiza mwili. Wakauliza umelazwa wapi. Bi Nana, shangazi yake Kamaludin, alilipokea lile shada kwa mikono miwili, akatazama huku na huku asijue aliweke wapi, mwisho akalilaza juu ya pipa la maji. Akawaambia, "Mamenu tushamzika, wanangu. Lakini msiba haujesha. Ketini, mnywe kahawa."

Huko chuoni kisa hicho kilichekwa sana, na Nasipwondi akachoka kuchekwa. Siku moja mbele ya Dama alimgeukia Kamaludin akamwambia kwamba mwaka uliopita, yeye alipofiwa na baba, watu wa Mji wa Kale walimpa mkono wa pole mara moja tu wasirudi tena, wakamwacha juma zima akihangaika na safari ya kwenda kuzika. Kamaludin alishangaa kwa dhati. Alidhani mzee yule alikuwa ameshazikwa siku ileile aliyofariki, na kwamba kumrudia mfiwa kila jioni kungemchokoza kidonda. Nasipwondi alikuwa amewakasirikia mwaka mzima, na kumbe kila mmoja alikuwa amefanya adabu ya kwao.

Dama akasema mafunzo ndiyo haya. Zile kadi za rangi alizifungia kabatini, na Nasipwondi akawa mwalimu mwenzake. Darasa lao lilikuwa nyumba za watu. Mfanyakazi yeyote akifiwa, walikwenda kwa kundi la kuchanganya, profesa na dereva, mfagizi na karani, na Faraj akishikwa mkono na yeyote aliyekuwa karibu. Walijifunza kuvua viatu mlangoni Kuze na kujifunika leso. Walijifunza kwamba mchango wa mazishi ya bara si ombaomba, na kwamba wanaoimba usiku kucha hawakukosa majonzi. Dama aliwafundisha wasingoje kualikwa. Nenda, keti, nyamaza, hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake yote, naye akiitoa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mezani kwa chai watu wakaanza kuchanganyika bila kuamriwa.

Katika kazi hiyo Dama na Nasipwondi wakawa ndugu. Mercy na Elvis walimwita Nasipwondi mama mdogo. Krismasi alikula Makupa, na sufuria ya ugali aliyopikia ilikuwa yake, hakuna mwingine aliyeigusa. Wakigombana walisikika nyumba ya tatu, na kabla magombano hayajapoa walikuwa wanakunywa uji pamoja.

Agosti 1997 zikatokea ghasia za Likoni. Watu wa bara waliambiwa waondoke warudi kwao, nyumba zikachomwa, watu wakauawa. Mdogo wake Nasipwondi, fundi viatu aliyekuwa akiishi ng'ambo ya Feri, alikuwa mmoja wa waliouawa. Dama alipopata habari hakungoja kualikwa. Alijifunga leso akaenda Tudor, nyumbani kwa Nasipwondi, kama alivyowafundisha watu wazima wa chuo kizima. Nasipwondi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

"Waliomuua walikuwa wanaongea kama wewe, Dama," akasema. "Siwezi kusikia hiyo sauti ndani ya nyumba yangu."

Akafunga mlango. Dama aliketi kwenye ngazi za nje. Waombolezaji walipita kando yake wakiingia na kutoka, wengine wakamsalimu, naye akawajibu kwa kichwa tu, asisikike ndani. Alirudi siku ya pili na ya tatu akakaa palepale, mpaka mwili ulipotolewa kupelekwa Bungoma. Gunga alikwenda kumchukua jioni hiyo. Hatukuwahi kumwona Dama akiwa kimya kwa muda mrefu namna hiyo, na yeyote aliyemjua ataelewa kwa nini tuliogopa.

Kabla mwaka haujaisha Nasipwondi aliomba uhamisho, akapelekwa tawi la magharibi. Hawakuagana. Dama aliendelea kufundisha, akisaidiwa na Kamaludin, lakini ilipofika sehemu ya kuingia nyumbani kwa mfiwa alimwachia Kamaludin aiseme. Mwalimu mmoja mgeni, ambaye hakujua lolote, alimwuliza mfanyakazi afanye nini akifungiwa mlango. Dama akamjibu, "Basi utakaa nje. Lakini usende zako."

Oktoba 1998 madaktari walimkuta na kansa ya titi. Alipasuliwa, akapata nafuu, akarudi kazini kwa muda, na baada ya Pasaka ugonjwa ukamrudia kwa nguvu. Katika miezi hiyo alimwomba Faraj amwunganishie simu kwa Nasipwondi. Simu ikapokelewa, Dama akasema, "Ni mie, wangu," na upande wa pili haukujibu. Simu haikukatwa mara moja. Dama alituambia kwamba alimsikia anapumua, na kwamba hilo lilimtosha kwa siku ile. Akapiga tena wiki nyingine, na nyingine, ikawa vivyo hivyo. Sisi watu wa nyumbani tulikasirika, na hapa hatutajifanya hatukukasirika. Mercy alisema maneno mazito juu ya mama yake mdogo. Dama aliyasikia kutoka kitandani, akamwita, akamwambia kwamba mtu aliyezika ndugu yake kwa namna ile hadaiwi radhi wala salamu, na kwamba asisikie tena neno kama hilo mdomoni mwake. Halafu akageukia ukutani akalia.

Dama alifariki dunia alfajiri ya Ijumaa, tarehe 11 Juni 1999, katika hospitali moja ya kisiwani, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Bi Nana na Kamaludin walifika kabla jua halijapanda. Bi Nana aliketi sakafuni kando ya Mercy, akamshika miguu, na hakusema kitu mpaka Mercy mwenyewe alipoanza kusema.

Marehemu alikuwa ameagiza mwili wake usiwekwe siku nyingi. Alitaka azikwe siku ya pili yake, watu wasigharimike, na wenye kazi warudi kazini. Tulikuwa tayari kumtii. Bwana Gunga, ambaye katika ndoa ya miaka ishirini na mitano hatukumsikia akimpinga mkewe hata kwa rangi ya pazia, alisimama mbele ya wazee akasema, "Tungoje. Anatoka mbali." Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Habari zilikuwa zimeshapelekwa kwa simu na kwa mdomo wa wasafiri. Kwa ajili hiyo mwili wa Dama umekaa chumba cha maiti zaidi ya wiki, kinyume cha matakwa yake, na leo Jumamosi tarehe 19 Juni 1999 tumemleta kumlaza kando ya mama yake.

Ameacha mume wake, Bwana Gunga. Watoto wake, Mercy na Elvis. Kaka zake wawili hapa Rabai. Mawifi, mashemeji na wapwa wengi. Wafanyakazi wenzake wa Chuo Kikuu cha Kilindini. Na dada yake, Nasipwondi. Marehemu alitaka atajwe hivyo, miongoni mwa ndugu na si miongoni mwa marafiki. Karatasi hizi zilipokwenda kwa mchapaji jana, alikuwa hajafika, wala hakuleta neno. Tumengoja kadiri tulivyoweza, na wazee wametuambia sasa inatosha.

Dada yetu, kama umefika na umesimama huko nyuma, usiogope macho ya watu. Njoo mbele, utie mchanga pamoja nasi. Na kama hukuweza kuja, hatutakulaumu, maana alitukataza.

Mungu ampumzishe Dama kwa amani.