Mtakatifu Anawaka

"Dereva, mbona huyo mtakatifu anawaka?" aliuliza Brigita, abiria wa kiti cha mbele, akinyooshea kidole stika ya Mtakatifu Kristofa kwenye dashibodi ya Noah iliyokuwa ikitoka Lusewa kwenda Songea.

Nyuma yao, Bibi Walburga akafumbua jicho moja. Kweli, tumbo la mtakatifu lilikuwa jekundu kama kaa la moto.

"Hapo nyuma yake kuna taa ya breki, mama," akajibu Anord, dereva. "Ilikuwa inanisumbua, nikaifunika."

"Inakwambia mafuta ya breki yamepungua!"

"Niliongeza asubuhi."

"Mafuta?"

"Maji ya sabuni. Si yanateleza vilevile?"

Walburga akafumbua na jicho la pili. Sabuni aliijua maisha yake yote, na hakuwahi kuiona ikimsimamisha mtu.

Mteremko wa kuingia mjini ukaanza. Anord akakanyaga breki, pedali ikazama kama mguu kwenye tope. Akapampu, akapampu tena. Gari likazidi kukimbia.

"Vuta handibreki!" Brigita akapiga kelele.

"Usinifundishe kazi, mama!" akasema Anord, huku akiivuta.

Walburga akaanzia Salamu Maria katikati, maana mwanzo ungemchelewesha.

Noah ikaacha lami, ikajichomeka kwenye lundo la mchanga wa mtu anayejenga.

"Si limesimama?" akasema Anord.

"Limesimamishwa!"

"Breki hizi zinataka kuzoewa tu, mama."

Walburga akashuka, akawaacha wakibishana, akaenda kumtafuta mwenye mchanga ampe asante.