Binti Anayejua Majibu Yote

Basi lilikwama kwenye foleni. Mbele yangu fundi cherehani alimweleza jirani yake wa kiti, mwalimu mwenye chaki kwenye blauzi, kwamba bintiye ana mtihani wa kuingia chuo baada ya wiki tatu, na sayansi imeshamwangusha mara mbili.

"Safari hii anafundishwa nyumbani. Amekariri mitihani ya miaka kumi, majibu yote anayo kichwani."

"Ukimbadilishia namba moja kwenye swali?"

Fundi alijibu, "Analia."

"Basi dada, hapo kasuku anafundisha kasuku. Mwachishe masomo hayo leo."

"Nimpeleke wapi? Kwako?"

"Kwangu wako kumi na wawili, wengine wanaandikia magotini."

"Wangu ana magoti mazuri tu."

Marehemu mume wangu naye alifundisha watoto sebuleni kwetu, wakiandikia magotini hivyo hivyo. Nikatazama dirishani.

Basi lilipofika kituoni mwalimu alisimama. "Aje kesho saa kumi. Lakini mimi sichangii mwanafunzi na mwalimu mwingine. Huyo mwingine ummwage kwanza."

"Huyo mwingine ni shemeji yangu," fundi alisema. "Tunaishi kwake. Nitamwambia nini?"

Mwalimu alikuwa ameshashuka.