Njia ya Kushoto ya Mzee Rogasian

Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, machela ya engozi iliyombeba Mzee Rogasian Theoneste ilitua njia panda, pale ambapo barabara ya kushoto huenda kituo cha afya cha serikali na ya kulia hupanda hospitali binafsi ya ng'ambo ya bonde, na mkewe, Mama Kokwijuka, akawaomba wabebaji wapite kulia. Ili ieleweke kwa nini hawakupita, tuanze mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1954 Kamuli, katika wilaya ambayo leo ni Kyerwa, akabatizwa mwaka huohuo, akamaliza darasa la saba mwaka 1969, kisha akarudi kwenye migomba na kahawa ya baba yake. Mwaka 1979 alihamia Nyakasimbi, na tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa takatifu na Kokwijuka, Mungu akawajalia watoto wawili, Eugenia na Nolasco.

Kazi iliyomtambulisha ilikuwa uenyekiti wa chama cha engozi, ile machela ya fito ambayo wanaume hupokezana mabegani wakipeleka wagonjwa. Mwezi Agosti 2007 waliugua wawili asubuhi moja, mfanyabiashara na mtoto wa mjane, na wabebaji wenye nguvu wote wakakimbilia kwa mfanyabiashara, wakampandisha kulia, kwa kuwa waliahidiwa nyama na lubisi, pombe ya ndizi, na yule mtoto akafia nyumbani akisubiri mabega. Jumapili iliyofuata Mzee alisimama nje ya kanisa akasema kuanzia leo engozi zote zitapita kushoto, ya mwenye mali na ya asiye nayo, na wakubwa wakilazwa kituoni humo humo tuone kama dawa zitakosekana. Watu walicheka, wakamwita Trafiki, lakini walimtii, na pole pole kituo kikapata dawa, kikapata maji, na mwaka 2022 kikapata chumba cha upasuaji. Mama Kokwijuka peke yake ndiye hakutulia, maana kila engozi ilipopita mbele ya nyumba alijiuliza siku ya mume wake itakuwaje.

Ngiri ilimsumbua Mzee tangu mwaka 2023, akawa anasema ataishughulikia baada ya kahawa, na asubuhi hiyo ya Machi ikabana utumbo, tumbo likawa gumu kama ubao. Pale njia panda mkewe aliinama akamwambia, "Baba Eugenia, leo tu," naye, jasho likimtoka, akajibu, "Mama, wakiniona mimi napanda huku, kesho nani atashuka kule?" Wabebaji wakatazamana, wakainua, wakapita kushoto.

Kituoni daktari alikuwepo, chumba kilikuwa safi, taa zinawaka, lakini mtaalamu wa usingizi, Bwana Melkiory, ambaye kituo hakina mwingine, alikuwa ameitwa kusaidia upasuaji katika hospitali ileile ya kulia, na simu yake ilikuwa imezimwa. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito wilayani, na daktari alisema Mzee hawezi tena kuhimili kubebwa mabegani kuvuka bonde. Mama alikaa dirishani akiliangalia bati la hospitali ile likimeremeta ng'ambo, mpaka mvua ikalifunika. Mzee Rogasian alifariki saa tisa alasiri, na Bwana Melkiory akafika saa kumi, mbio, matope hadi magotini.

Jana engozi mbili ziliitwa kijijini. Ya kwanza ilipita kulia, na hakuna aliyeuliza. Ya pili, ya Bibi Joviana asiye na mtu, ilikosa mabega tangu asubuhi, hata Mama Kokwijuka akainuka kwenye mkeka wa msiba, akaenda kuwatoa wanaume mmoja mmoja waliko, akawatangulia mwenyewe hadi njia panda, akawaonyesha kushoto. Anasema aliogopa njia nzima, na bado anaogopa.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na chama cha engozi. Tunamshukuru pia Bwana Melkiory, aliyekaa pale nyuma, na Mama anamwomba asogee, awe mmoja wa watakaombeba Mzee kwenda kaburini.

Ee Mungu mwenye huruma, kwako hakuna mlango wa mwenye nacho na mlango wa asiye nacho, mfungulie mtumishi wako Rogasian huo mmoja, umtue mzigo wake, apumzike kwa amani. Amina.